Amplifaya ya wati 20 na masikio ya Baba

SEHEMU YA 1: MZIGO UMEFIKA

Leo sizungumzii presha, sukari wala kliniki ya wajawazito. Nimemaliza zamu nne za usiku mfululizo, leo niko ofu, na nataka niwasimulie kitu nilichonunua. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa muziki. Wenzangu wodini wakicheza mchezo wanatoa vitenge, mimi natoa spika. Kila mtu na ugonjwa wake.

Kwa miaka sita sebuleni kwetu tulikuwa na sabufa. Mnaijua hiyo: boksi moja kubwa la besi, vispika vidogo pembeni, taa za rangi zinazocheza disko zenyewe, na stika mbele imeandikwa "Wati 10,000 PMPO". Siku moja nikaigeuza nifute vumbi, nikakuta nyuma wamebandika kikaratasi: matumizi ya umeme, wati 60. Nikacheka peke yangu. Kitu kinakula wati 60, hizo elfu kumi kinazitoa wapi? Baadaye nikaja kuelewa kwamba PMPO ni namba ya tangazo. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Ukienda dukani uliza wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo bila kuchoka. Muuzaji akikwepa swali, jibu umeshalipata.

Sasa kuna fundi redio mmoja hapa mjini Mtwara nilimpelekea feni. Nikaona kwenye shelfu yake boksi la rangi ya kijivu cha kukoza, halina mapambo, utafikiri redio ya ofisi ya serikali ya mtaa. Limeandikwa NAD 3020. Akaniambia alilinunua kwa mtu aliyekuwa amepanga Shangani miaka ile ya gesi, wageni walipojaa mjini na kodi za nyumba zikapaa. Wageni wameondoka, vyombo vimebaki. Nikamuuliza wati ngapi.

"Ishirini kila upande, sista."

Nikachukua feni yangu niondoke. Akanizuia: "Sista, hizi ni ishirini za kweli. Kaa kwanza usikilize."

Nikakaa. Na mnavyoniona hapa, niliondoka na feni, amplifaya na spika mbili za mbao, kwa shilingi 180,000, nikalipa kwa awamu mbili. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1978, ina umri kunizidi mimi. Fundi alishabadilisha kapasita zilizokauka na kusafisha kile kidude cha kuzungushia sauti maana kilikuwa kinakwaruza. Akanionesha nyuma imeandikwa volti 240, akanipa na somo la bure: ukiona amplifaya ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, tazama volti kabla ya kutoa hela. Umeme wao ni volti 100. Ukichomeka moja kwa moja hapa kwetu bila transfoma ya kushushia, utanusa moshi kabla hujasikia wimbo.

SEHEMU YA 2: USIKU WA KWANZA

Nitasema ukweli, siku ya kwanza nilihuzunika. Niliiweka pale pale ilipokuwa sabufa, ndani ya kabati la vioo, spika zimegusa ukuta. Mume wangu akasikiliza dakika mbili, akauliza, "Hii mbona haidundi?" Mwanangu mkubwa akaongeza, "Mama, wamekupiga." Madirisha hayakutikisika hata kidogo.

Kesho yake nikampigia fundi. Akaniambia tatizo ni chumba. Sebule yetu ni kama nyingi za huku: kuta tupu za tofali, sakafu ya vigae, juu bati na silingibodi nyembamba. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inagongana na inayokuja. Nikafanya alivyosema. Spika nikazitoa kabatini, nikaziweka kila moja juu ya tofali mbili, mbali na ukuta kama hatua moja, zikitazama kochi. Nikatandika mkeka na zulia katikati, nikashusha pazia zito. Gharama yake sifuri.

Usiku, watoto wamelala, nikachomeka simu kwa waya, maana haina bluetuthi wala remoti. Nikaweka Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Nyimbo hizi nimezisikia tangu tumboni. Kwenye sabufa ninachokumbuka ni besi, besi, besi, na mtu anaimba kwa mbali kama yuko ndani ya pipa. Safari hii Mbaraka alisimama katikati ya spika mbili, usawa wa meza ya TV, pale ambapo hakuna spika yoyote. Rekodi nyingi za zamani ni za mono, sauti ile ile inatoka kushoto na kulia, kwa hiyo spika zikikaa sawasawa mwimbaji anakuja mbele yako katikati. Nikasikia gitaa la solo linaongea na gitaa la rizimu linaitikia, siyo magitaa yamekorogwa kama uji. Nikasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuingia kwenye ubeti. Jamani, pumzi! Mimi kazi yangu ni kuhesabu pumzi za watu usiku kucha, na sikuwahi kujua wimbo nao unapumua.

Nikaweka taarabu ya Unguja. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani, kwenye sabufa ilikuwa kama mtu anachezea vijiko jikoni. Hapa kila uzi unasikika unaanza na unakufa taratibu. Nikaweka na Bongo Fleva ya mwanangu. Hapo nisiwafiche, nyingine zilinichosha. Zimerekodiwa kila kitu kiko juu muda wote, kama watu kumi wanaongea kwa pamoja. Amplifaya nzuri haikusaidii kuficha rekodi mbaya, inakuonesha ubaya wake.

Lakini kilichonishangaza zaidi nilikigundua saa saba usiku nilipotazama kidude cha sauti. Kilikuwa chini kabisa, hakijafika hata saa tisa ya mshale wa saa. Nilikuwa nasikiliza kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake mezani, na nasikia kila kitu. Kwenye sabufa ukipunguza hivyo unabaki na mdundo tu, maneno yanapotea, unalazimika kuongeza tena.

Ndo nikaelewa kwa nini wati 20 zinatosha. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa kusikiliza kawaida sebuleni unatumia wati moja au mbili, zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa kwa nguvu ghafla. Ubora uko kwenye hiyo wati ya kwanza.

Kasoro zake ninazo pia. Inapata joto, usiifunike kitambaa cha kudarizi. Umeme ukiyumba inalia "top!" kwenye spika, kwa hiyo nimeiwekea stabilaiza. Na kama unataka kupigia mziki kwenye harusi, hii siyo yako, kodi spika za ukumbini.

Ningeishia hapa ingekuwa habari ya amplifaya tu. Ila kuna jambo lilitokea Jumapili yake.

SEHEMU YA 3: MZEE WA CHINI YA MWEMBE

Baba yangu anaishi kwetu tangu Mama afariki, mwaka wa pili huu. Ni mtu wa upande wa Msimbati, kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Ujana wake aliumalizia kwenye mashine ya kusaga, ya dizeli, miaka zaidi ya 20. Kila akina mama wa pale wanamfahamu. Alikuwa mtu wa dansi, anajua bendi zote, nani alipiga solo, nani alihamia wapi.

Alipokuja kwetu tukaona amebadilika. Tukiwasha sabufa anachukua kigoda chake anatoka nje, anakaa chini ya mwembe mpaka tuzime. Watoto wakasema Babu hapendi muziki wetu. Unamwamkia, "Shikamoo baba," anatazama pembeni, haitikii. Unamuuliza hivi anajibu vile. Ukimwambia jambo anakwambia "sawa", kesho anauliza kana kwamba hajawahi kuambiwa. Taratibu tukaacha kumwambia mambo. Nyumba ina watu sita wanaongea, na mmoja ameketi kama mgeni.

Sisi ndugu tukashauriana kwenye simu kwamba mzee ameanza kusahau, umri huo. Nani aliyesema kwanza? Mimi, mtaalamu wa familia. Kila ndugu akiumwa jino ananipigia mimi, na nikisema kitu kinakuwa kimesemwa.

Na kwa kuwa "mzee anasahau", mwezi wa tano tulikaa kikao kuhusu shamba lake la mikorosho. Kaka alipendekeza tuuze eka tatu, mikorosho imezeeka, hakuna wa kupulizia. TV ilikuwa inaongea, watoto wanacheza, watu wazima wanne tunadakiana maneno. Tukamgeukia mzee: "Baba, unasemaje?" Akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akasema, "Sawa." Tukaandika kwamba amekubali. Mnunuzi angekuja baada ya msimu.

SEHEMU YA 4: NGOMA HAIJAIVA

Jumapili hiyo nilikuwa sebuleni najaribu vitu mbalimbali. Nikakumbuka kwenye simu nina video ya ngoma, ya sherehe ya jando la mwaka jana kijijini. Nikaiweka, sauti ya chini, nisiwaamshe waliolala mchana. Baba alikuwa anapita kwenda nje na kigoda chake.

Akasimama.

Akarudi hatua mbili, akaweka kigoda juu ya mkeka, akakaa katikati ya spika. Akasikiliza kichwa amekiinamisha. Halafu akasema, kama anamwambia mpigaji mwenyewe, "Hiyo kubwa haijaiva. Irudisheni motoni."

Kwa wasiojua, ngoma zetu za ngozi zinaoteshwa moto kabla ya kupigwa, ngozi ikaze na itoe sauti. Ikipoa inalegea, wapigaji wanairudisha. Nikarudisha video nyuma, nikasikiliza kwa makini. Kweli, ile kubwa ililegea kidogo kuliko zile ndogo. Mimi sikuwa nimeisikia. Mzee ambaye tuliona hana habari na dunia, kaisikia akiwa anapita.

Hapo nikahisi baridi mgongoni. Mtu anayesahau na kuchanganyikiwa hasikii ngozi ya ngoma kulegea. Nikamwendea nyuma yake, umbali wa mkono, nikanong'ona namba kama tunavyofundishwa: "Sita." Akanyamaza. Nikarudia. Akasema, "Pita? Nani apite?" Nikanong'ona "tisa", akasema "sita". Nikanong'ona "mbili", akageuka, "Unasema nini wewe?"

Nikakaa chini kwenye mkeka.

Naomba niwaeleze, maana wengi mna wazee nyumbani. Sikio likichoka kwa umri au kwa kelele za miaka mingi, kwa kawaida linapoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Sauti nzito linaendelea kuzisikia. Irabu, a, e, i, o, u, zina nguvu, zinafika. Ila s, f, t, k, sh ni nyembamba, ndizo zinazopotea. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unaongea, hasikii unasema nini. "Sita", "tisa" na "pita" kwake ni neno moja. Ukimwashia sabufa inayounguruma, ile besi inafunika hata kidogo alichobakiwa nacho.

Na sikio la namna hii lina ujanja mbaya: sauti ndogo halisikii, ukiongeza kidogo tu linaumia. Ndo maana mzee anakwambia, "Sema kwa sauti," ukisema kwa sauti anakujia juu, "Mbona unanipigia kelele?" Siyo ukorofi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Nikamuuliza, nimeketi mbele yake, taratibu, "Baba, sabufa ilikuwa inakufanyaje?" Akasema, "Ilikuwa inanipiga hapa," akagusa sikio, "na sielewi wanaimba nini. Nikaona nisiwakatize, ninyi ni vijana, nikae nje." Miaka miwili alikuwa anatoka nje kwa heshima, sisi tunasema amenuna.

Mashine ya kusaga jamani. Kipimo kinachotumika makazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Simama karibu na mashine ya dizeli inasaga mahindi halafu jaribu kuongea na mtu. Kama inabidi upige kelele akusikie akiwa hatua moja, umeshapita hapo. Yeye alisimama pale miaka 20 bila hata pamba, sisi tukala ada na sare za shule kutoka kwenye kelele ile. Diploma yangu ya uuguzi imo humo.

SEHEMU YA 5: KIKAO CHA PILI

Nilimpeleka kwa wataalamu wa masikio. Sikio la kulia lilikuwa na nta imeziba, ikatolewa, akafurahi kama mtoto, akasema kumbe barabara ina pikipiki nyingi hivi. Lakini kipimo kikaonesha sauti za juu zimeshuka pande zote mbili, na hizo hazirudi. Anahitaji shimesikio, yaani kile kifaa cha kusaidia kusikia, na bei yake imetufanya tuanze kuchanga. Sidanganyi kwamba mambo yamekwisha.

Nikawapigia ndugu zangu. Hiyo simu ilikuwa ngumu, kwa sababu ilinibidi niseme, "Niliwaambia Baba anasahau. Nilikosea. Hakuwa anasikia, na mimi ndiye niliyepaswa kujua." Upande wa pili kimya. Halafu Kaka akauliza, "Kwa hiyo ile siku ya shamba?" Nikamwambia njooni.

Tukakaa tena. TV imezimwa, watoto wako nje, amplifaya imezimwa. Tukampa Baba kiti chenye mwanga mbele yake, ili aone midomo yetu. Akaongea mmoja mmoja, polepole, bila kupaza. Kaka akarudia habari ya eka tatu. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlishaniuliza hili?"

Tukasema ndiyo, mwezi wa tano, ukasema sawa.

Akatikisa kichwa. "Nilidhani mnaniuliza kama nimeshiba."

Dada akacheka, halafu akaanza kulia. Baba akasema shamba lisiuzwe. Mikorosho ile iliyozeeka ikatwe, ipandwe mingine, na mama yetu amezikwa pembeni ya eka hizo, tulishasahau mpaka unaanzia wapi? Kweli tulikuwa tumesahau. Aliyekumbuka ni yule tuliyesema anasahau. Mnunuzi amepigiwa simu, ameelewa.

Sasa turudi kwenye amplifaya, maana niliwaahidi maoni yangu. Baada ya miezi mitatu: besi nimeipunguza kidogo, ile sauti nyembamba nimeiongeza kidogo, kidude cha sauti kiko chini. Baba anakaa katikati ya spika, kigoda chake kina alama yake kwenye mkeka. Taarifa ya habari ya saa mbili anaifuata vizuri kuliko kwenye TV. Muziki wa dansi anausikiliza na kutusahihisha majina ya wapigaji. Hasikii yote. Zile kengele ndogo za juu kwenye taarabu ninazozifurahia mimi, kwake hazipo, nimemuuliza. Lakini magitaa yapo, sauti ya mtu ipo, na ngoma anaisikia kunishinda. Mume wangu siku hizi hasemi tena habari ya kudunda. Sabufa tumempa shemeji, yeye ana genge, inamfaa.

Wapendwa, naomba mambo matatu. Moja, mzee wako akianza kujibu visivyo, kabla hujasema amechanganyikiwa, mpeleke akapimwe masikio. Mbili, ukiongea naye zima redio, kaa mbele yake, sema taratibu, usipige kelele. Tatu, ninyi wa hedifoni na sabufa: Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya wastani wa desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ukitoka kwenye muziki masikio yanalia "nzzz", umeshapita.

Na kama "sawa" ndiyo jibu pekee unalolipata kwa mzazi wako siku hizi, leo usiku rudia swali. Umkalie mbele.

Kesho naingia zamu. Nesi wenu, Mtwara.